Namba ya Vyumba 64: Ukubwa Wake, Vigawo Vyake na Kosa la Fermat

Watu wengi hudhani kwamba namba ikishakuwa kubwa mno haiwezi tena kujulikana kwa undani, na kwamba kilichobaki ni kuitaja kwa mshangao tu. Dhana hiyo si sahihi. Ziko namba mbili zenye tarakimu 20 kila moja, ambazo tofauti yake ni 2 tu. Ya kwanza huweza kuchambuliwa na mwanafunzi wa sekondari kwa kalamu na karatasi, hata vigawo vyake vyote vikajulikana. Ya pili haikuvunjwa hadi katikati ya karne ya 19, na hata hapo kwa taabu kubwa. Kwa hiyo ukubwa wa namba haumwambii mtu tabia ya namba hiyo. Kinachomwambia ni namna ilivyojengwa.

Namba ya kwanza kati ya hizo mbili ni hii:

18,446,744,073,709,551,615

Nayo ndiyo itakayoelezwa katika makala haya. Katika kuieleza itaonekana pia jinsi mmoja wa wanahisabati wakubwa kabisa wa Ulaya alivyodanganywa na mifano mitano iliyomkubalia, jambo ambalo kila mwanafunzi wa hisabati hana budi kulikumbuka.

Punje za ngano juu ya ubao wa sataranji

Mchezo wa sataranji huchezwa juu ya ubao wenye vyumba 64, yaani safu nane zenye vyumba vinane kila moja. Jina lake limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na Waarabu nao walilipokea, pamoja na mchezo wenyewe, kutoka kwa Waajemi, ambao walikuwa wameupata kutoka Bara Hindi. Kadhi na mwandishi Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282, alisimulia habari za mwenye hekima mmoja wa Bara Hindi aliyeitwa Sissa, ambaye inasemekana ndiye aliyeubuni mchezo huo. Mfalme alipomtaka ataje zawadi aipendayo, Sissa aliomba ngano: punje moja kwa chumba cha kwanza, mbili kwa chumba cha pili, nne kwa cha tatu, nane kwa cha nne, na kuendelea hivyo, kila chumba kikipewa mara mbili ya kile kilichokitangulia, hadi chumba cha 64. Mfalme aliliona ombi hilo kuwa dogo mno. Hesabu ilipofanywa, ikadhihirika kwamba hakuna ghala katika ufalme wote linaloweza kulitimiza. Ibn Khallikan mwenyewe aeleza kwamba hakusadiki jambo hilo mpaka alipoonyeshwa hesabu yake na mhasibu mmoja wa Iskandaria.

Hadithi ni hadithi, lakini hesabu ni ya kweli. Zaidi ya karne mbili kabla ya Ibn Khallikan, takribani mwaka 1000, mtaalamu al-Biruni wa Khwarizm alikwisha kuiandika namba hii yote katika kitabu chake kihusucho kalenda za mataifa ya kale. Tena alieleza kanuni mbili ambazo kwazo hesabu hiyo hufupishwa sana.

Kanuni ya kwanza yahusu jumla. Jumla ya punje za vyumba vyovyote, kuanzia kile cha kwanza, ni pungufu kwa 1 tu kuliko punje za chumba kinachofuata. Sababu yake ni nyepesi. Ikiongezwa punje moja ya ziada pembeni ya ubao, basi punje hiyo pamoja na ile ya chumba cha kwanza hufanya 2, ambayo ni sawa na punje za chumba cha pili. Hizo pamoja na za chumba cha pili hufanya 4. Hizo pamoja na za chumba cha tatu hufanya 8. Na kadhalika hadi mwisho. Ubao wote pamoja na ile punje ya ziada hufanya 2⁶⁴. Punje ya ziada ikiondolewa, hubaki 2⁶⁴ − 1.

Kanuni ya pili yahusu namna ya kuifikia 2⁶⁴ bila kuzidisha kwa 2 mara 63. Namba ikizidishwa kwa namba hiyohiyo, kipeo chake huwa maradufu. Basi 2 × 2 = 4; 4 × 4 = 16; 16 × 16 = 256; 256 × 256 = 65,536; 65,536 × 65,536 = 4,294,967,296; na hiyo ya mwisho ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe huleta 18,446,744,073,709,551,616. Kuzidisha mara sita tu kumetosha. Ikitolewa 1, namba ya ubao imepatikana.

Ukubwa wake

Ni vema kwanza ukubwa wa namba hii upimwe kwa vitu vinavyojulikana. Punje moja ya ngano ina uzito wa takribani gramu 0.04, kwa hiyo punje 25 hufanya gramu moja. Safu ya kwanza ya ubao ina punje 255, ambazo uzito wake ni gramu 10 hivi. Safu mbili zina punje 65,535, yaani kilo 2.6. Safu nne, ambazo ni nusu ya ubao, zina punje 4,294,967,295, na uzito wake ni tani 172 hivi, yaani magunia 1,700 na zaidi ya kilo 100. Hadi hapo mfalme tajiri angeweza bado kulipa deni lake. Lakini ubao mzima wadai takribani tani bilioni 738. Mavuno ya ngano ya dunia nzima katika miaka hii ni kiasi cha tani milioni 800 kwa mwaka, na kwa mavuno hayo deni la Sissa lingelipwa kwa zaidi ya miaka 900, pasipo mtu yeyote kula mkate.

Kama mtu angezihesabu punje hizo moja baada ya nyingine, punje moja kwa kila sekunde, usiku na mchana, angehitaji zaidi ya miaka bilioni 584. Umri wa ulimwengu, kwa makadirio ya wanasayansi, ni miaka bilioni 13.8 tu.

Mifano hii yapendeza, lakini haifunzi mengi juu ya namba yenyewe. Namba yoyote nyingine ya tarakimu 20 ingeshangaza vivyo hivyo. Swali la mwanahisabati ni jingine: je, namba hii inagawanyika kwa namba zipi bila baki?

Namna ya kuivunja

Tarakimu yake ya mwisho ni 5, kwa hiyo inagawanyika kwa 5. Jumla ya tarakimu zake zote ni 87, nayo 87 inagawanyika kwa 3, kwa hiyo namba yenyewe inagawanyika kwa 3. Mbinu hizi za shule ya msingi hazifiki mbali. Lakini namba hii haikuzuka tu. Imejengwa kwa kipeo cha 2, na ujenzi huo ndio unaofungua mlango.

Kila mwanafunzi wa aljebra anafahamu kwamba a² − b² = (a − b)(a + b). Sasa 2⁶⁴ ni kipeo cha pili cha 2³², na 1 ni kipeo cha pili cha 1. Kwa hiyo:

2⁶⁴ − 1 = (2³² − 1)(2³² + 1)

Mabano ya kwanza nayo yanavunjika kwa njia ileile kuwa (2¹⁶ − 1)(2¹⁶ + 1), na 2¹⁶ − 1 inavunjika tena, hadi kufikia 2 − 1, ambayo ni 1 na haina athari katika kuzidisha. Mwishowe hupatikana:

2⁶⁴ − 1 = (2 + 1)(2² + 1)(2⁴ + 1)(2⁸ + 1)(2¹⁶ + 1)(2³² + 1)
= 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297

Mpangilio huu waonekana juu ya ubao wenyewe. Vyumba 2 vya kwanza vina punje 3. Vyumba 4 vina punje 15, ambayo ni 3 × 5. Vyumba 8 vina punje 255, ambayo ni 3 × 5 × 17. Vyumba 16 vina punje 65,535, ambayo ni 3 × 5 × 17 × 257. Kila idadi ya vyumba inapokuwa maradufu, kigawo kimoja kipya huongezeka.

Hivyo namba ya tarakimu 20 imevunjwa kuwa vigawo sita bila kugawa hata mara moja. Vitano vya kwanza, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni namba tasa: hakuna namba inayovigawa isipokuwa 1 na vyenyewe. Swali linabaki juu ya kile cha sita, 4,294,967,297. Je, nacho ni namba tasa?

Dai la Fermat

Namba za namna hii, ambazo ni 2 yenye kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kisha ikaongezwa 1, huitwa namba za Fermat, kwa heshima ya Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa ambaye hisabati kwake ilikuwa kazi ya wakati wa faragha. Mwaka 1640 Fermat aliwaandikia wenzake barua akidai kuwa namba zote za namna hiyo ni tasa. Alikiri kwamba hana uthibitisho, lakini alisadiki kwamba jambo ni kweli. Ushahidi wake ulikuwa mzuri: 3 ni tasa, 5 ni tasa, 17 ni tasa, 257 ni tasa, na 65,537 ni tasa. Mifano mitano yote ilikubali, wala hapakuwa na hata mmoja uliokataa. Huo wa sita, 4,294,967,297, ulikuwa mkubwa mno kujaribiwa kwa kugawa ovyoovyo.

Mwaka 1732 mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi, Leonhard Euler, aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg huko Urusi, alitangaza kwamba:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Dai la Fermat likaanguka hapohapo. Mifano mitano iliyokubali haikuweza kuliokoa mbele ya mmoja uliokataa. Wala mambo hayakuishia hapo. Hadi sasa namba za Fermat zote, kuanzia ya sita hadi ya 33, zimethibitishwa kuwa si tasa, na haijajulikana hata moja iliyo tasa zaidi ya zile tano za mwanzo. Fermat alisema zote ni tasa. Yawezekana kabisa kwamba ni zile tano tu alizoziona.

Jinsi 641 ilivyopatikana

Yafaa kuuliza Euler aliipataje 641. Baadaye alieleza mwenyewe, na njia yake inatokana na mabaki ya kugawa.

Chukua namba tasa 7, kisha ugawe kwayo 2, 4, 8, 16, 32, 64 na kuendelea. Mabaki yake ni 2, 4, 1, 2, 4, 1, yakijirudia kila baada ya hatua 3. Basi mzunguko wa 2 kwa namba 7 una urefu wa 3. Kwa namba 5 mabaki ni 2, 4, 3, 1, na urefu wa mzunguko ni 4. Kwa namba 17 mabaki ni 2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, 1, na urefu wake ni 8. Namba tasa inagawa 2⁶⁴ − 1 ikiwa tu 2⁶⁴ inaacha baki 1, yaani ikiwa mzunguko unakamilika barabara katika hatua 64. Mizunguko ya 4 na ya 8 inakamilika, kwa sababu 4 na 8 zinagawa 64. Mzunguko wa 3 haukamiliki, kwa hiyo 7 si kigawo cha namba ya ubao. Mwanafunzi ameweza kulijua hilo bila kuigusa namba ya tarakimu 20.

Sasa, Fermat mwenyewe, katika mwaka uleule wa 1640, aliweka kanuni nyingine ambayo ni sahihi kabisa: kwa kila namba tasa isiyo 2, urefu wa mzunguko hugawa namba hiyo tasa ikiwa imepunguzwa 1. Kwa 7, urefu 3 hugawa 6. Kwa 5, urefu 4 hugawa 4. Kwa 17, urefu 8 hugawa 16.

Ichukuliwe basi kwamba namba tasa fulani inagawa 2³² + 1. Hapo 2³² inaacha baki ambalo limepungua 1 tu kuifikia namba hiyo tasa, na kwa hiyo mzunguko haujakamilika katika hatua ya 32. Ukiendelea hadi hatua ya 64, baki ni 1. Mzunguko ambao unakamilika katika 64 lakini haukamiliki katika 32 hauna budi kuwa na urefu wa 64 kamili. Kwa kanuni ya Fermat, 64 lazima igawe namba hiyo tasa iliyopunguzwa 1. Kwa maneno mengine, kila kigawo tasa cha 4,294,967,297 ni kigawe cha 64 kilichoongezwa 1.

Hapo kazi imekuwa ndogo. Namba za namna hiyo ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641 na kuendelea. Zilizo tasa miongoni mwa hizo ni 193, 257, 449, 577 na 641. Majaribio manne ya kwanza yanashindwa. La tano linafanikiwa. Fermat alikuwa na kanuni yote mkononi, na majaribio matano ya kugawa yangalitosha kumwonyesha kwamba dai lake lilikuwa batili.

Kwa kuwa sasa 641 inajulikana, uko uthibitisho mfupi ambao mwalimu anaweza kuuandika ubaoni kwa mistari michache. Namba 641 ina sura mbili:

641 = 5 × 2⁷ + 1, na pia 641 = 5⁴ + 2⁴

Kutokana na sura ya kwanza, 5 × 2⁷ imepungua 1 kuifikia 641, kwa hiyo kipeo chake cha nne, ambacho ni 5⁴ × 2²⁸, kinaacha baki 1 kikigawanywa kwa 641. Basi 5⁴ × 2²⁸ − 1 ni kigawe cha 641. Kutokana na sura ya pili, 641 × 2²⁸ ni sawa na 5⁴ × 2²⁸ + 2³², nayo bila shaka ni kigawe cha 641. Tofauti ya vigawe hivi viwili ni 2³² + 1, na tofauti ya vigawe viwili vya 641 ni kigawe cha 641. Uthibitisho umekamilika.

Kigawo cha mwisho na orodha kamili

Imebaki 6,700,417. Mwaka 1878 Mfaransa Édouard Lucas aliiboresha kanuni ya Euler, akathibitisha kwamba vigawo tasa vya 4,294,967,297 ni vigawe vya 128, si vya 64 tu, vilivyoongezwa 1. Ikiwa 6,700,417 si tasa, lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni 2,588 hivi. Namba tasa za namna ya Lucas zisizozidi hapo ni tano tu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Ile 257 yaweza kuachwa, kwani inagawa 2³² − 1, na kwa hiyo 2³² + 1 ikigawanywa kwayo huacha baki 2. Zilizosalia ni nne. Ukigawa 6,700,417 kwa 641 baki ni 44. Kwa 769 baki ni 120. Kwa 1,153 baki ni 334. Na kwa 1,409 baki ni 622. Kwa migawanyo minne imethibitika kwamba 6,700,417 ni namba tasa.

Sasa orodha ya vigawo tasa imetimia:

18,446,744,073,709,551,615 = 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417

Vigawo tasa ni saba, na hakuna kinachojirudia. Kila kigawo cha namba hii hupatikana kwa kuchagua baadhi ya hizo saba na kuzizidisha. Kwa kuwa kila mojawapo yaweza kuchukuliwa au kuachwa, idadi ya vigawo vyote ni 2⁷, yaani 128. Vigawo hivyo hupangika katika jozi ambazo zao lake ni namba yenyewe, na jozi hizo ni 64, sawa na vyumba vya ubao. Jambo hili la mwisho ni sadfa tu, na mwanafunzi asilitafutie siri.

Jirani yake mkaidi

Namba ya pili iliyotajwa mwanzoni ni 2⁶⁴ + 1, yaani 18,446,744,073,709,551,617. Hii ni namba ya saba ya Fermat. Haiwezi kuandikwa kuwa a² − b² kwa njia ile nyepesi iliyotumika juu, na hakuna hata kimoja kati ya vile vigawo saba vya jirani yake kinachoigawa, kwa maana kila kimoja huacha baki 2. Ujenzi wake hautoi msaada mkubwa isipokuwa ule wa kanuni ya Lucas, ambayo kwa namba hii husema kwamba vigawo tasa ni vigawe vya 256 vilivyoongezwa 1.

Mwaka 1855 Thomas Clausen alimwandikia Carl Friedrich Gauss barua yenye vigawo vyake, na mwaka 1880 Mfaransa Fortuné Landry, akiwa mzee wa miaka 82, alivitangaza kwa wote:

2⁶⁴ + 1 = 274,177 × 67,280,421,310,721

Ya kwanza kati ya hizo mbili ni 256 × 1,071 + 1. Linganisha: kwa kuifuata 641 katika vigawe vya 64, Euler alihitaji kufika kigawe cha kumi tu, hapa ilibidi kuvuka vigawe elfu moja, kila mgawanyo ukiwa wa namba yenye tarakimu 20. Namba ya nane ya Fermat, yenye tarakimu 39, haikuvunjwa hadi mwaka 1970, na kwa msaada wa kompyuta.

Ugumu huo umepata kazi. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni njia ya kuficha ujumbe ambayo usalama wake unategemea jambo hilihili: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi, lakini kuirudisha zao yake katika vigawo vyake ni vigumu mno. Mwaka 2020 watafiti walivunja namba ya namna hiyo yenye tarakimu 250 kwa kutumia kompyuta nyingi kwa pamoja. Lakini namba zinazotumika kwa kawaida leo katika njia hiyo zina tarakimu 617. Tena, katika hatua ya kuficha ujumbe kwa njia hii, kipeo kinachotumika mara nyingi kuliko vingine ni 65,537, kigawo kilekile cha namba ya ubao. Sababu ni kwamba, ikiandikwa kwa tarakimu 0 na 1 tu, ina 1 mbili peke yake, moja mwanzoni na moja mwishoni, na kwa hiyo kompyuta huikokotoa kwa hatua chache.

Mahali pengine inapoonekana

Namba iliyojengwa kwa utaratibu hukutwa katika mambo mengi. Mwaka 1883 Lucas huyohuyo alitoa mchezo wa mnara wa visahani na vijiti vitatu. Kisahani kimoja tu huhamishwa kwa mara moja, na kikubwa hakiwekwi juu ya kidogo. Kuhamisha visahani vyote hadi kijiti kingine, kwanza sharti uhamishe vyote vya juu, kisha kile cha chini, kisha vya juu tena. Basi kila kisahani kinachoongezwa hufanya hatua kuwa maradufu na moja zaidi: 1, 3, 7, 15 na kuendelea. Mnara wa visahani 64 hudai hatua 2⁶⁴ − 1 kamili, sawasawa na punje za Sissa.

Nusu ya ubao nayo ina habari yake katika jiometri. Mwaka 1796 Gauss aligundua kwamba umbo la pembe 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Kutokana na kazi yake na ile ya Pierre Wantzel ya mwaka 1837, inajulikana kwamba umbo lenye idadi witiri ya pembe huchorwa hivyo ikiwa tu idadi hiyo ni namba tasa ya Fermat au zao la namba tasa za Fermat zilizo tofauti. Zinazojulikana ni tano, na zao lake zote ni 4,294,967,295, yaani punje za vyumba 32. Kwa hiyo hiyo ndiyo idadi witiri kubwa kabisa ya pembe inayojulikana kwa maumbo ya namna hiyo.

Katika kompyuta za leo, ambazo nyingi huhifadhi namba katika nafasi 64 za 0 au 1, namba ya ubao ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kuandikwa humo bila alama ya hasi: ni nafasi zote 64 zikiwa zimejazwa 1. Ukiongeza 1, nafasi zote hurudi kuwa 0.

Kwa mwalimu na mwanafunzi

Hakuna chombo maalumu kinachohitajika kufundisha haya darasani. Pasipo ubao wa sataranji, bao la kete lafaa vilevile. Lina mashimo 32, nayo ni nusu kamili ya vyumba vya sataranji; mashimo ya mwanzo yajazwe kwa kete za kweli na yanayofuata kwa namba zilizoandikwa katika vipande vya karatasi. Mwalimu aweza kisha kuwataka wanafunzi wafanye mambo matatu. Kwanza, waeleze bila kugawa kwa nini 13 haigawi 2⁶⁴ − 1 ilhali inagawa 2³⁶ − 1. Pili, waivunje 2¹² − 1 hadi vigawo tasa, kisha waonyeshe ni vigawo vipi vinavyotokana na tofauti ya vipeo vya pili. Tatu, wathibitishe kwamba namba mbili zozote tofauti za Fermat hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1, kwa kuanzia na habari ya baki 2 iliyoelezwa hapo juu. Atakayelifaulu hilo la tatu atakuwa amethibitisha pia kwamba namba tasa hazina mwisho, kwa sababu namba za Fermat hazina mwisho na kila moja huleta angalau kigawo tasa kipya.

Katika kazi hiyo wanafunzi wataona tofauti iliyopo kati ya kusadiki na kuthibitisha. Mifano mitano ilimfanya Fermat asadiki jambo la uongo, na msomi yule hakuwa mzembe wala mjinga. Mwanafunzi anayeona kanuni ikikubali mara tano, au mara hamsini, amepata sababu nzuri ya kuitafutia uthibitisho, lakini uthibitisho wenyewe bado hajaupata.